Kiti Laini Hakisikii Njia

Kiti laini hakisikii njia. Methali hii mliisikia jana mkutanoni, pale chifu, kwenye kiti chake cha sponji, aliposema sokoni hakuna shida, na mama mmoja wa sokoni akasimama mbele yake, akajifunga kanga sawasawa, akaitamka, akaketi. Hakuongeza neno. Watu wakapiga makofi mpaka kuku wakaruka, chifu akainamia karatasi zake, na ninyi mkabaki kutazamana. Leo mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Wako watakaowaambia ni ya kale, ya mababu. Si ya kale hata kidogo. Ilizaliwa hapa hapa Kidongonyi, kwenye barabara ile ile mnayoteremkia kwenda shule, na aliyeizaa ni mwanamke wa mlima huu. Basi sogeeni. Mmoja aangalie maharagwe yasiungue, nami niwaambie ilianza hivi.

Palikuwa na mama mmoja aitwaye Wakesho. Wengi walimwita Mama Mwachia, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Aliendesha Land Rover ya zahanati miaka ishirini na sita, gari bovu lenye viti vya mbao vilivyofunikwa turubai, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyemfia njiani kwa kosa la usukani. Kwa sababu hiyo madereva wa mlima walimpa kazi ambayo huku kwetu haipewi mtu hivi hivi. Walimfanya mtangulizi.

Mtangulizi ni nani? Mlima wetu una kona kumi na tisa, na masika yakija, maji huila barabara usiku watu wakiwa wamelala. Ukiitazama lami, huoni imefanywa nini chini yake. Kwa hiyo tangu zamani, asubuhi ya masika, hakuna lori la mboga wala basi linaloteremka kabla mtangulizi hajashuka peke yake hadi chini na kurudi. Akirudi mikono mitupu, njia ni nzima, haya, teremkeni. Akilaza matawi barabarani, hapiti mtu. Hakuna askari, hakuna faini. Tawi la mtangulizi ndiyo sheria, na asiyelitii watu humtazama kama aliyempiga mamaye.

Siku Mama Mwachia alipostaafu zahanati, Land Rover ilibaki kazini na yeye akarudi nyumbani kwa miguu. Wanawe wawili walioko Mombasa waliona aibu. Wakachanga, wakamletea gari. Wanangu, gari! Jeusi, refu, la milango minne, lenye injini ya mashindano na viti vya ngozi laini kama shavu la mtoto. Ukifunga mlango, dunia yote inanyamaza. Unapita kwenye shimo huku umelala. Watoto wa kijiji wakalibatiza jina, Bwana Mkubwa.

Mama Mwachia aliona fahari, tena fahari ya haki. Mwaka mzima alifanya utangulizi ndani ya Bwana Mkubwa, vioo vimepandishwa, kaseti ya nyimbo za kanisa inaimba taratibu, na kikombe cha chai pembeni. Kazi ilimpendeza kuliko wakati wowote.

Kisha ikaja asubuhi moja ya Aprili. Alishuka, akapanda, akarudi mikono mitupu. Lori la kwanza kuteremka lilikuwa la Mwadilo, limejaa kabichi za kupeleka Mombasa. Kwenye kona ya kumi na mbili, ukingo wa barabara ukamega kama mkate, lori likalala ubavu. Kabichi zilibingirika mpaka mtoni. Mwadilo hakufa, namshukuru Mungu, lakini mguu wake wa kushoto ulivunjika mara tatu, na hadi leo hii anatembelea mkongojo.

Mama Mwachia alikwenda kumwona hospitalini na chupa ya uji. Mwadilo hakumlaumu. Alikunywa uji, akafuta mdomo, akamuuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza saa: "Mama, pale kwenye kumi na mbili ulipopita, hukusikia kitu?"

"Sikusikia, mwanangu," akajibu.

Ndiyo ilikuwa kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyomuuma. Angekuwa amesikia akapuuza, angejua la kutubu. Lakini hakusikia! Yeye, ambaye kwenye ile Land Rover alikuwa akikanyaga kijiwe anakitambua kama jirani yake. Alirudi nyumbani, akaketi ndani ya Bwana Mkubwa uani, akafunga mlango. Kimya. Jogoo aliwika mita tatu kutoka pale, na alichoona yeye ni mdomo wa jogoo ukifunguka tu.

Sasa, hapa mlimani aliishi pia daktari wa mifugo mstaafu, Bwana Mwaluma, mtu mwenye mgongo mbovu na ulimi mzuri. Yeye alikuwa na kigari cha kijani cha watu wawili tu. Hakina paa, hakina kiti cha nyuma, chepesi hivi kwamba vijana wanne waliwahi kukibeba na kukiweka juu ya jukwaa la kanisa kwa mzaha. Kiliitwa Panzi. Siku moja alimpa Mama Mwachia lifti kutoka sokoni, na njia nzima daktari alikuwa akilia.

"Aii! Hilo jiwe. Aii! Huo ufa. Mama Mwachia, gari hili litaniua. Mgongo wangu unajua kila changarawe ya nchi hii kwa jina!"

Mama Mwachia alikuwa akisikiliza. Kiti kilikuwa chembamba kama sahani. Alisikia lami ikipita chini yake kama unavyosikia kitambaa kwa vidole. Alisikia pale walipoziba shimo mwaka juzi. Alisikia maji ya mfereji kwa masikio yake, maana hapakuwa na paa wala kioo cha kumzuia. Walipofika kwake hakushuka.

"Daktari," akasema, "mgongo wako unataka kiti laini?"

"Kuliko ninavyoutaka ufalme wa mbinguni."

"Basi chukua Bwana Mkubwa. Nipe Panzi."

Bwana Mwaluma alidhani anataniwa. Alipoona hataniwi, alidhani mama ana homa. Lakini jioni hiyo hiyo walibadilishana, gari kwa gari, na daktari akaondoka polepole, amejiegemeza kama sultani, macho yamefumba nusu.

Loo, kijiji! Watu walicheka wiki mbili. Mwanamke wa miaka sitini na mbili, kitambaa kichwani, anapita kwenye kigari cha vijana, kanga inapepea kama bendera. "Mama Mwachia, umebalehe upya?" wakamwuliza kisimani. "Angalia kunguru wasimle huyo Panzi!" Mvua ikinyesha anaendesha amevaa koti la plastiki la mume wake marehemu, maji yanamtiririka puani. Hata mchungaji alimwombea, bila kumtaja jina, lakini kila mtu alijua.

Mwanawe Mwachia akapiga simu. "Mama, tulikununulia lile gari upumzike."

"Nimepumzika, mwanangu. Nilipumzika mpaka mtu akavunjika mguu."

Mwachia akasema, "Haya, mama. Vaa kofia basi."

Wengine wote waliomuuliza sababu aliwajibu kwa kitendawili, maana alikuwa mtu wa vitendawili, kama mtu fulani mnayemjua.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Ngoma yangu haina ngozi, na wapigaji ni wapita njia."

Wakasema ni soko. Wakasema ni daraja. Mmoja akasema ni tumbo la mwenyekiti, watu wakaanguka kwa kicheko. Wakashindwa. "Nipeni mji," akasema. Wakampa Voi, akasema Voi kuna joto. Wakampa Mombasa, akasema Mombasa ana watoto, ataenda siku yoyote bila kupewa. Basi hakuwapa jibu, akaondoka na Panzi wake akilia prrr mlimani.

Si wote waliokuwa wakicheka tu. Kijana mmoja, Mnjala, tajiri wa mabasi mawili, alikuwa na gari kubwa la juu, jipya, la kubebea maharusi. Alimwendea mwenyekiti wa madereva, Mghosi Mwanyasi (mghosi kwetu ni mzee wa heshima), mtu mnene wa kofia na koti la suti siku zote. "Mghosi," akasema, "mtangulizi gani huyu, mwaka jana alimvunja Mwadilo, mwaka huu anacheza na tiara? Nipeni kazi mimi." Mghosi Mwanyasi akasema tungoje masika. Akikosea tena mara moja tu, tawi litahamia mkono mwingine. Mama Mwachia aliambiwa, akaitikia kwa kichwa. Alijua gari la Mnjala lingekuwa kiziwi kama Bwana Mkubwa. Na alijua pia kwamba mtangulizi anayechekwa, tawi lake halizidi jani la mgomba kwa uzito.

Masika yakaja. Ikawa Jumamosi ya harusi. Binti wa Kidongonyi alikuwa anaolewa chini bondeni, na juu kwenye kituo basi lilikuwa limejaa tayari: kwaya kwa sare za zambarau, akina mama na masanduku, bibi harusi mwenyewe kwenye gari la Mnjala lililopambwa maua. Mama Mwachia alishuka na Panzi saa kumi na mbili na nusu, ukungu ukiwa bado magotini.

Kona ya kwanza hadi ya sita, njia ilisema yale yale ya kila siku. Kona ya saba ilisema jingine. Hapakuwa na ufa, hapakuwa na shimo. Lami ilikuwa nyeusi, safi, inang'aa kwa mvua. Lakini chini ya kiti chake kitu kiliguna. Akasimama. Akazima injini. Akasikia maji yakienda mahali ambapo maji hayaendi. Akarudi nyuma, akapita tena polepole. Ikaguna tena, nene, kama mtu anayepiga ngoma chumba cha pili. Mama Mwachia akateremka, akakata matawi kwa panga lake, akayalaza barabarani huku na huku. Kisha akapanda juu.

"Hakuna kuteremka," akasema. "Kona ya saba ni mgonjwa."

"Ana nini?" akauliza Mghosi Mwanyasi.

"Ni mtupu ndani."

"Umeona?"

"Sijaona. Nimesikia."

Wenye haraka wakaanza kunung'unika. Mnjala hakunung'unika. Alimteremsha bibi harusi kwa heshima, akawasha gari lake, akashuka peke yake. Watu wakangoja roho mkononi. Baada ya dakika kumi na tano akarudi, ameinua kikombe cha chai dirishani.

"Haya, tazameni! Nimepita juu ya matawi ya mama yetu, nimekwenda, nimerudi. Hata tone la chai halikumwagika!"

Watu wakashangilia. Kwaya ikaanza kupanda basi. Mama Mwachia akamtazama Mnjala, wala si kwa hasira.

"Mwanangu, hata mwaka jana chai yangu haikumwagika."

Watu wachache wakageuka kutazama. Nyuma kabisa, Mwadilo alikuwa ameegemea mkongojo wake.

Lakini Mghosi Mwanyasi alitazama saa, akatazama wazazi wa bibi harusi, akasema, "Mama Mwachia, tunakuheshimu. Ila gari zito limepita salama. Ondoa Panzi, basi lishuke."

Maana sasa mama alikuwa amemkingamisha Panzi katikati ya barabara, kama kambale kwenye mrija.

"Siondoi," akasema mama. "Mkitaka mbebeni, ni mwepesi, mliwahi kumbeba. Lakini kwanza, Mghosi, panda wewe. Viti ni viwili. Twende mimi na wewe, na usiseme neno njiani."

Nani angekataa mbele ya watu wote wale? Mghosi Mwanyasi akajipenyeza. Magoti yakafika kidevuni, kofia akaipakata. Akina mama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kabla ya kukaa alikuwa amevua koti, akalikunja mara nne, akalikalia, maana kiti kilikuwa kigumu na yeye mtu wa heshima.

Walishuka. Kwenye kona ya saba Mama Mwachia akasogeza matawi, akapita upande wa mlimani, polepole mno.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

Akarudi nyuma, akapita tena.

"Sijasikia, mama. Nisamehe, lakini sijasikia."

Mama Mwachia akazima injini, akamgeukia. "Mghosi, toa hilo koti."

"Koti langu?"

"Ulilokalia."

Mzee akasita, akajiinua, akalitoa, akakaa juu ya kile kiti chembamba kama sahani. Wakapita mara ya tatu.

Uso wa Mghosi Mwanyasi ukabadilika. Kwanza alishika ubao wa mbele. Kisha akatazama chini, kati ya miguu yake, kana kwamba mtu amemwita kutoka huko. Walipovuka akampa mama ishara asimame. Alishuka mwenyewe, akaenda hadi ukingoni, akashika mzizi, akainama kutazama chini ya barabara. Bomba la maji lilikuwa limeziba, na mto wa mvua ulikuwa umejichimbia njia yake. Chini ya ile lami nzuri palikuwa na pango la kutosha ng'ombe kumi kulala. Barabara ilikuwa kifuniko cha chungu, basi.

Alirudi na matope kifuani. "Mama Mwachia," akasema, "ile ngoma yako isiyo na ngozi."

"Ndiyo, Mghosi."

"Nimeipata."

"Sihitaji mji tena," akasema mama. "Kata matawi mengine, tulaze huko juu."

Walipofika juu, Mghosi Mwanyasi alisimama juu ya jiwe, kofia mkononi. Aliwaeleza alichokiona. Mnjala akatoka mbele, mikono imetandazwa, na msisahau, hakuwa mtu mbaya. "Lakini Mghosi, mimi nilipita pale pale! Nilisikia laini tu. Laini kabisa!"

"Ulisikia kiti chako, Mnjala," akasema mzee. "Nami nilisikia koti langu. Kiti laini hakisikii njia."

Ndipo neno hilo lilipotamkwa kwa mara ya kwanza duniani, juu ya lile jiwe la kituoni, na anayewaambia vingine ameota.

Hawakuteremka kwa basi. Walishika njia ya miguu, ile ya mbuzi, masanduku vichwani, kwaya imekunja sare hadi magotini, bibi harusi akiwa mgongoni kwa kaka yake anayecheka na kulia. Mnjala alibeba masanduku mawili. Walipokuwa kwenye shamba la viazi, saa nne na kitu, wakasikia mlima ukikohoa. Wakageuka. Kona ya saba, lami na matawi yake yote, iliingia chini kana kwamba mtu ameivuta kutoka ndani, ikamwagika bondeni na vumbi la maji likapanda. Mama wa bibi harusi alianza kuwahesabu watu wake mmoja mmoja kwa kidole. Walikuwa arobaini na watatu. Akawahesabu tena, wakawa arobaini na watatu. Ndipo kwaya ikaimba, na nasikia harusini chini walisikia sauti kabla hawajaona mtu.

Tangu siku hiyo nani alimcheka Panzi? Mnjala mwenyewe, wiki iliyofuata, alifungua kiti cha dereva cha gari lake, akaweka ubao, akaja kwa Mama Mwachia na kilo mbili za sukari kumwomba amfundishe kusikiliza. Akamfundisha. Ndiye mtangulizi wetu leo, na ubao ule bado anao. Mkimwona anashuka garini anajishika kiuno, mwamkieni kwa adabu. Wanawe mama walikuja kutoka Mombasa, Mwachia akakaa kwenye kile kiti cha pili, akapitishwa kona zote kumi na tisa, akarudi amenyooka kama askari. "Mama yangu," akawa anawaambia watu sokoni, hata wasiouliza, "yule wa gari la kijani, ni mama yangu."

Lakini kabla ya hao wote, asubuhi ya Jumatatu, Mama Mwachia alisimamisha Panzi mbele ya nyumba ya Mwadilo. Mwadilo akatoka na mkongojo wake, akauweka kati ya miguu, akakaa. Walishuka mpaka pale matawi yalipoanza, wakasimama mbele ya lile pengo, mvua nyepesi ikiwanyeshea wote wawili kwa kuwa hapakuwa na paa. Mwadilo alichungulia chini. Kisha akauliza kwa upole ule ule, kama mtu anayeuliza saa:

"Mama, safari hii ulisikia kitu?"

"Nilisikia, mwanangu," akasema Mama Mwachia. "Nilisikia."

Mmeona basi kwa nini jana chifu aliinamia karatasi zake, na kwa nini mama yule hakuhitaji kuongeza neno. Epueni maharagwe. Na kesho mkiteremka shuleni, mkifika kona ya saba, pale penye lami mpya, msikimbie tu. Simameni kidogo, mvue viatu, mwagize miguu isikilize. Kiti laini hakisikii njia.